Sonara wa Nyumbani na Uchaguzi wa Mashine ya Rola

Gitega inayozungumzwa hapa si ile ya Burundi, bali ni sekta ya Gitega katika wilaya ya Nyarugenge, mjini Kigali, jirani na Biryogo na Nyamirambo, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni miaka mingi kabla ya mwaka 2017 kilipofanywa kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Nyumba za huko zimesongamana mteremkoni, bati la huyu likikaribia dirisha la yule, na anayetwanga isombe jioni husikiwa na nyumba nne. Basi mke wa sajenti mmoja wa polisi wa mtaa huo alipoanza kujifunza kufua herini na bangili za shaba na fedha, kama kazi ya kupumzishia akili baada ya shughuli za nyumba, jambo la kwanza lililomsumbua halikuwa moto wala tindikali. Lilikuwa nyundo.

Kazi ya sonara aghalabu huanzia kwenye bamba au kwenye waya. Fedha ikiyeyushwa na kumiminwa kalibuni hutoka ikiwa mkuo, yaani kipande kinene na kifupi kama kidole, na mkuo huo hauna budi kutandazwa hadi uwe bamba ndipo pambo lipate kukatwa. Masonara wa kale waliutandaza kwa nyundo juu ya fuawe, na mikono yao iliijua kazi hiyo tangu utotoni. Mikono ya mama huyu haikulelewa hivyo. Alipiga mapigo mia mbili, akapasha moto, akapiga mia mbili mengine. Jirani yake, askari wa zamu ya usiku ambaye hulala mchana, akagonga ukuta. Na bamba lenyewe, baada ya taabu yote hiyo, likawa nene huku na jembamba kule. Herini ya kwanza ilikatikia pale pale penye wembamba, siku ya pili tu sikioni mwa binti yake.

Mashine ya rola huondoa taabu hizo mbili kwa pamoja. Aliyewahi kusimama mbele ya muuza maji ya miwa ameshaiona nusu yake: rola mbili za chuma cha pua zimelazwa moja juu ya nyingine ndani ya kiunzi kizito, upande mmoja kuna mkono wa kuzungushia, na juu kuna skrubu za kusogeza rola ya juu karibu na ya chini au mbali nayo. Madini huingizwa upande huu, rola huyakamata na kuyavuta, nayo hutokea upande wa pili yakiwa membamba na marefu zaidi. Upana hauongezeki ila kidogo sana. Bamba la unene wa milimita 2 likifikishwa milimita 1, urefu wake hukaribia kuwa maradufu. Kelele yake ni mkwaruzo tu wa gia.

Chombo hiki si kipya duniani. Leonardo da Vinci wa Italia alichora mashine za rola tangu karne ya 15, na kuanzia karne ya 16 viwanda vya sarafu vya Ulaya vilianza kuzitumia kusawazisha mabamba kabla ya kukata sarafu. Wazee wa mwambao wataikumbuka riale ya Maria Theresa, ile iliyoandikwa mwaka 1780 hata kama ilipigwa miaka mingi baadaye. Riale hiyo, yenye uzito wa gramu 28 hivi, ambayo katika kila sehemu sita za uzito wake sehemu tano ni fedha safi, ilienea kutoka Uhabeshi hadi Omani na Unguja, na masonara wa pande hizo waliiyeyusha wakafulia bangili na vikuku. Hivyo fedha iliyokwisha kupita katika rola za kiwandani ikarudi tena chini ya nyundo. Huku bara, nchini Rwanda, pambo la asili lilikuwa zaidi la umuringa, yaani shaba, lililovaliwa mikononi na miguuni.

Mama wa Gitega alikuwa na sababu ya kuijua riale. Marehemu mama yake alimwachia bangili moja ya fedha, iliyoletwa na bibi yake kutoka Ujiji, nayo ilikuwa imepasuka mahali pawili kiasi cha kutovalika. Uzito wake ni gramu 56, sawasawa na riale mbili, na huenda hicho ndicho ilichokuwa. Binti yake mkubwa alikuwa ameposwa. Mama alikusudia kuiyeyusha bangili ile na kutoa bangili mbili nyembamba, moja ya bibi harusi na moja ya mdogo wake, ili urithi usigombaniwe. Kazi kama hiyo haifanywi mara mbili. Fedha ya dukani ikiharibika hununuliwa nyingine. Fedha ya marehemu haina nyingine. Ndiyo maana uchaguzi wa mashine, ambao kwa mwingine ungekuwa jambo la kufuata bei tu, kwake ulichukua karibu mwaka mzima.

Lakini kabla ya kuuliza mashine gani, ni haki kuuliza kama inahitajika. Anayetengeneza ushanga na kuunga vidani kwa waya wa kununua haihitaji kabisa, na ni watu wengi wanaonunua chombo kizito kwa sababu tu wamekiona kwa mwenzao. Anayehitaji ni yule anayeyeyusha vipande vyake mwenyewe, au anayetaka unene mbalimbali kutoka bamba moja: milimita nusu kwa herini, milimita 1 na zaidi kwa pete. Mama huyu alikuwa anayeyusha. Akiba yake ya mabaki ya shaba na fedha ilijaa kopo la maziwa.

Swali la pili ni ukubwa, na hapa hesabu ndogo ya darasa la saba huokoa fedha nyingi. Fedha ya aina ile ina uzito wa gramu 10 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Gramu 26, ukishatoa kinachopotea kwa tupa, hutoa ukanda wa bangili wenye urefu wa sentimita 19, upana wa milimita 12 na unene wa zaidi kidogo ya milimita 1. Upana wa milimita 12! Mashine za mkono zinazouzwa kwa masonara huwa na rola za upana wa milimita 65 hadi 130 au zaidi. Ni dhahiri kwamba mtu anayefua ukanda wa upana wa kidole kimoja hana haja ya rola ya upana wa kiganja na nusu. Isitoshe, kadiri bamba linavyokuwa pana ndivyo nguvu inavyohitajika zaidi, na rola ndefu iliyo nyembamba hupinda katikati ikielemewa, hata ikatoa bamba lililo nene kati na jembamba kingoni. Unene wa rola yenyewe una maana kuliko urefu wake: rola nene hukamata mkuo mnene kwa urahisi, ilhali nyembamba huukataa na kuteleza juu yake.

Nyingi ya mashine hizi ni za mchanganyiko. Nusu ya rola ni laini kwa ajili ya bamba, na nusu ina mifereji ya pembe nne, mikubwa hadi midogo, kwa ajili ya kupunguzia waya. Mche wa fedha hupitishwa katika mfereji mkubwa, ukageuzwa robo mzunguko, ukapitishwa tena, kisha ukaingia mfereji unaofuata, mpaka uwe mwembamba wa kuweza kuvutwa katika chamburo, lile bamba la matundu ambalo sonara hulitumia kuufanya waya kuwa wa mviringo. Asiyegeuza waya wake huona umeota mapezi kingoni kama samaki, na mapezi hayo yakikunjwa ndani hayaungani tena. Kwa mwanamke wa nyumbani mwenye nafasi ya mashine moja tu, mchanganyiko ndio unaofaa, mradi akumbuke kwamba rola ya milimita 80 itamwachia nusu yake tu kwa bamba. Baadhi huongezewa rola fupi za pembeni za kutolea waya wa nusu duara. Wauzaji huzipenda sana rola hizo za nyongeza. Mnunuzi asiyefua pete za nusu duara azipishe.

Kisha kuna gia. Katika mashine rahisi mkono umefungwa moja kwa moja kwenye rola, na kila mzunguko wa mkono ni mzunguko mmoja wa rola. Hapo nguvu zote ni za bega. Katika nyingine kuna gia za kupunguza, ambapo mkono huzunguka mara nne au zaidi ili rola izunguke mara moja. Kazi huenda polepole, lakini mama mwenye umri wa miaka hamsini huimaliza bila kuegemeza mwili mzima. Kwa fedha na shaba nyekundu, mashine ndogo isiyo na gia za kupunguza hustahimilika. Kwa shaba ya njano, iliyo ngumu zaidi, huchosha upesi.

Yote hayo aliyajua akiwa amekwisha kupewa njia tatu.

Ya kwanza haikumchukulia muda. Mpwa wake alimwonyesha katika simu picha ya mashine ya umeme yenye rola za milimita 130, chombo cha karakana ya watu kumi, kizito cha kuhitaji vijana wanne kukipandisha katika vichochoro vya Gitega. Alicheka, akamrudishia simu yake.

Ya pili ilimshawishi kweli. Fundi mmoja aliyekuwa akihama mji aliuza mashine kuukuu ya rola za milimita 100, ya mchanganyiko, yenye gia za kupunguza, kwa faranga 150,000. Mama alikuwa na faranga 380,000 za upatu wa wanawake wa mtaa, ule uitwao ikimina, na alijiona ameshapata. Kwa bahati hakwenda peke yake. Alimchukua mzee mmoja sonara wa Biryogo, aliyejifunza kazi yake Tanzania akiwa kijana, na ambaye bado hutumia seredani na mrija.

Mzee hakuzungusha mkono kwanza, kama afanyavyo kila mnunuzi. Alitoa kitambaa, akafuta mafuta mazito yaliyopakwa juu ya rola, akapitisha ukucha wa kidole gumba polepole kutoka ncha hadi ncha. Ukucha ulinasa mara tatu. Akakaza skrubu mpaka rola zikakaribia kugusana, akaweka tochi nyuma yake na kuchungulia: mwanga upande wa kushoto ulikuwa uzi, upande wa kulia ulikuwa kamba. Akashika rola ya juu kwa mikono miwili akaitikisa, nayo ikacheza ndani ya bushi zake. Mwisho akatoa mfukoni kipande cha shaba nyekundu alichokwisha kukilainisha kwa moto, akakipitisha mara moja.

Kipande kilitoka kimepinda kama mundu, na uso wake wote ulikuwa na madoa madogo kama ndui.

“Mzee,” mama alisema, “rola zenyewe hazijavunjika, na bei ni chini ya nusu ya mpya.”

“Mwanangu, rola haivunjiki. Rola huharibika uso, na uso wake ndio uso wa kazi yako. Hilo doa utalikuta katika kila bangili.”

“Kupinda je?”

“Kupinda hakunitishi. Skrubu mbili za juu hazikwenda pamoja. Ukizilinganisha kwa subira, rola zitalala sawa. Bushi pia hutengenezwa. Lakini haya madoa ni kutu. Aliyekuwa nayo alikuwa anatoa fedha katika tindikali, anaipitisha ikiwa bado mbichi kwa maji.”

“Haziwezi kusagwa upya?”

Mzee alifikiri. Alisema fundi mwenye mashine ya kusagia krenki za magari, akiwa mwangalifu, anaweza kuzisaga rola hizo na kuzirudishia ulaini. Ila atazipunguza unene, na ugumu wa chuma, kama ni wa juu juu tu, unaweza kwisha pamoja na ngozi hiyo iliyoondolewa. Na gharama ya kuzisaga, ukiijumlisha na bei na bushi mpya, huifikia mashine ndogo isiyo na kasoro. Mwenye mashine alikuwa akisikiliza yote hayo bila kukasirika. Akapunguza bei hadi faranga 110,000. Mama akamshukuru, wakaondoka.

Njiani mama alimwuliza kama bangili ya marehemu ingepitishwa pale, ingekuwaje. Mzee akajibu kwamba madoa yangeweza kufutwa kwa tupa na msasa, lakini kila doa likifutwa, fedha ya mama yake ingekuwa inaanguka chini.

Nyumbani, mume alikuwa na rai nyingine. Yeye, kama askari wengi wa Rwanda, huweka akiba yake Zigama CSS, benki ya ushirika ya wanajeshi, polisi na askari magereza, na alikuwa tayari kuomba mkopo ili mkewe apate mashine kubwa itakayoweza kuleta chochote nyumbani akistaafu.

“Usihangaike na ndogo, mama watoto. Ukinunua, nunua ya kudumu.”

“Mkopo ule tuuweke kwenye paa, afande. Hii ni ya kuchezea mikono yangu. Siku itakapoanza kuleta hela ndipo tutaiongezea.”

Alikuwa na haki. Mkopo hukatwa katika mshahara kila mwezi, ukitengeneza pete usitengeneze, na kazi ya kupumzishia akili inayodaiwa kila mwisho wa mwezi huacha kupumzisha. Familia nyingi za askari zimeona cherehani na majokofu ya biashara yakigeuka meza za kuwekea vyungu, huku makato yakiendelea. Kwa upande mwingine, sajenti naye hakukosea aliposema chombo duni hununuliwa mara mbili. Ila kudumu kwa mashine hakupimwi kwa upana wake.

Kuna jambo jingine ambalo sajenti alilisimamia bila mjadala, nalo linahusu kila nyumba ya askari yenye mkono wa ufundi. Mwenye mashine ya rola huwa na njaa ya madini. Vijana hupita wakiuza shaba nyekundu safi, tena rahisi, iliyochunwa kutoka nyaya, na polisi wa Rwanda wamewakamata watu mara nyingi kwa wizi wa nyaya za umeme. Shaba isiyojulikana ilikotoka haiingii ndani ya nyumba hiyo. Kadhalika dhahabu ya mchanga inayonong’onezwa sokoni: biashara ya madini nchini Rwanda ni ya wenye leseni, na mke wa askari hawezi kudai kuwa hakujua. Mama alikubali, akajiwekea daftari dogo la kuandika kila kipande kimetoka wapi.

Njia ya tatu ndiyo iliyochukuliwa. Mashine mpya ndogo, rola za milimita 80 za mchanganyiko, bila umeme. Viwanda vinavyotajwa sana na masonara ni Durston wa Uingereza, Cavallin wa Italia na Pepe wa Marekani. Zipo pia nyingi zisizo na jina kubwa kutoka India na China, nyingine nzuri, nyingine ni sura tu. Mnunuzi wa mbali hawezi kupitisha ukucha juu ya rola, kwa hiyo huuliza kwa maandishi. Ugumu wa rola ni kiasi gani? Wanaojua kazi yao hutaja tarakimu ya kipimo cha Rockwell, aghalabu inayozunguka 60. Anayejibu “ngumu sana” amejibu kwamba hajui. Je, uso umeng’arishwa kama kioo? Je, skrubu za juu zimeunganishwa kwa gia ili zishuke pamoja, na zaweza kutenganishwa kwa marekebisho? Je, bushi na gia za akiba zinauzwa peke yake? Mama aliwaandikia wauzaji wanne. Wawili walijibu, mmoja kwa ukamilifu, na huyo ndiye aliyepata fedha zake, ingawa hakuwa wa bei ya chini.

Uzito nao huingia katika bei. Mashine ndogo kabisa hukaribia kilo 10 na kubwa za mkono hupita kilo 30. Chuma hicho chote hulipiwa kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, kisha kwa lori. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kwa njia ya Rusumo ni zaidi ya kilometa 1,400. Kisha kuna ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo nchini Rwanda ni asilimia 18. Asiyeuliza mapema kiasi atakachotozwa hukuta bei ya katalogi ilikuwa utangulizi tu. Mama aliongeza mzunguko mmoja wa upatu, akangoja miezi mitatu.

Ilipofika haikuwekwa mezani. Meza ya kulia chakula huondoka nayo pindi mkuo wa kwanza unapokamatwa. Seremala alitengeneza kiti kifupi cha mbao nzito cha miguu minne, kikafungwa ukutani, na mashine ikakazwa juu yake kwa bolti zilizopenya mbao hadi chini, kimo cha kiuno, ili mkono uzunguke bila kuinua bega. Sharti la pili liliandikwa na sajenti kwa chaki ukutani: hakuna kitenge kinachoning’inia, hakuna mkono mrefu wa nguo, nywele zifungwe. Rola haitofautishi bamba na kidole. Mtu mmoja ndiye anayelisha na ndiye huyo huyo anayezungusha. Mtoto haombwi asaidie kuzungusha mkono mama akiwa anashika bamba, maana hapo ndipo vidole huumizwa.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya shaba nyekundu peke yake. Alijifunza kuupiga mkuo nyundo kidogo kwanza ili kuukaza, na kuondoa kwa tupa kingo zote zilizochongoka. Alijifunza kukaza skrubu kidogo tu kila mara, kwani mwenye haraka hukwamisha kipande katikati na kukitoa kwa machozi. Alijifunza kwamba madini yanayobanwa hugumu, na kwamba unene ukishapungua nusu hayana budi kurudi motoni mpaka yawe mekundu hafifu, rangi ambayo huonekana vizuri dirisha likifungwa pazia. Asiyeyalainisha huona nyufa ndogo kingoni, na nyufa hizo hukimbia kuelekea kati. Alijifunza pia mchezo mmoja wa kupendeza: jani kavu lenye mishipa, likiwekwa kati ya bamba lililolainishwa na kipande cha shaba ya njano, likapitishwa mara moja kwa kubanwa sana, huacha alama ya kila mshipa juu ya bamba. Herini za jani la mwembe alizozitoa hivyo ziliombwa na wake wa askari watatu.

Bangili ya marehemu ikaja zamu yake. Kwa ushauri wa mzee, mahali pawili palipokuwa pamepasuka palikatwa kwanza, kwa kuwa pamewahi kuungwa na fundi asiyejulikana, na iwapo uungaji ule ulikuwa na risasi, risasi kidogo tu ingeifanya fedha yote kuwa dhaifu na kupasuka chini ya rola. Iliyobaki iliyeyushwa kwa tinikali kidogo, ikamiminwa kuwa mikuo miwili. Kila mkuo ulipita rola mara nyingi na moto mara nne. Kila ulipotoka katika tindikali ulioshwa, ukapanguswa, ukawekwa kando ya jiko mpaka ukauke kabisa, kisha mama akaugusisha shavuni kuhakikisha. Kalipa ilipimwa ncha zote mbili: tofauti haikufika hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Uso ulikuwa safi. Msasa haukuhitajika ila kingoni.

Binti alivaa ya kwake siku ya harusi. Mdogo wake amevaa yake tangu siku iyo hiyo, na huivua anapofua nguo tu. Mashine yenyewe, kila jioni, hupanguswa kwa kitambaa kikavu, rola hupakwa mafuta mepesi ya cherehani na kuachwa mbalimbali zisigusane, hufunikwa kitambaa, na mkono wake huchomolewa ukafungiwa katika sanduku la sare za sajenti, mahali ambapo watoto hawathubutu kugusa. Kilichobaki cha bangili ya Ujiji, gramu 3 na nusu za vumbi la tupa na vipande vya ncha, kimo katika kichupa cha dawa kabatini, kikingoja kutimia uzito wa pete.